Karoti Zinazong'aa

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepoteza lango. Leo, saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko ikiwa bado inalia. Miaka tisa nimekaa upande wa kushoto wa lango la shule ya msingi hapa Iyunga, mimi na beseni langu la karoti. Sasa sina hata pa kuweka kigoda.

Aliyeninyang'anya ni Mwalimu Blandina, mwalimu mpya wa afya. Mfupi. Sauti kama kengele ya kanisa. Hakunifokea, na hilo ndilo linaloniuma. Alinisalimia vizuri, akanunua karoti moja (alichagua nzuri kuliko zote, ana jicho yule), akaenda nayo darasa la tatu. Huko akaisugua kwa mswaki ndani ya glasi ya maji safi. Akaiweka glasi dirishani, wanafunzi wakaendelea na hesabu. Hesabu zilipoisha, chini ya glasi tope limetulia, jembamba kama ugoro. Na unywele mmoja.

Akawaambia kwamba mayai ya minyoo ni madogo kuliko hata chembe ya tope lile. Macho hayayaoni, tumbo linayapokea. Wanafunzi wakaipa glasi jina papo hapo: supu ya Baba Tusa.

Baba Tusa ni mimi! Tusajigwe ni binti yangu, yumo darasa hilohilo. Alicheka na wenzake.

Supu! Mimi Ezron, niliyeanza na nusu gunia la kukopeshwa, bila baba wala mjomba wa kunishika mkono! Ninaosha karoti zangu kila alfajiri mferejini, ndani ya gunia, kwa miguu yangu mwenyewe, nazikanyaga mpaka zinang'aa. Ng'ombe akipita barabarani anageuza shingo.

Hesabu ni hii. Shule ina wanafunzi mia sita na kumi na wawili. Katika kila watano, wawili ni wangu. Hizo ni karoti mia mbili arobaini na nne na kipande, na kile kipande ni cha mlinzi. Zote zimeondoka kwa glasi moja.

Lakini glasi ile! Hakutumia ubao, hakutumia kitabu. Nimeuza miaka tisa, sijawahi kuona tangazo la biashara linaloingia akilini namna ile. Bahati mbaya lilikuwa dhidi yangu.

Kabla sijainua beseni, Bartholomeo wa bisi alishasukuma mkokoteni wake mpaka mahali pangu. Karoti mbichi Mwalimu amezipiga marufuku langoni, bisi zinaruhusiwa. Zinapikwa, minyoo haipandi motoni. Akaniambia, "Pole sana kaka," huku ananyunyiza chumvi. Nikamwambia asizoee. Akasema yeye ni mtu wa Kalenga, nyumbani kwa Mkwawa, na watu wa Kalenga wakishachukua mlima hawateremki kwa maneno. Mlima gani? Ni kona ya lango!

Jioni Tusajigwe hakula. Tumbo tena. Wiki ya tatu sasa. Mama yake, Anyitike, anasema ni minyoo. Nimemwambia ni ukuaji.

"Ukuaji gani wa kukuza tumbo na kupunguza shingo?"

Nina mambo makubwa ya kufikiria.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata dawa ya Blandina. Nitamshinda kwa afya yake mwenyewe.

Mpango: kibuyu chirizi. Dumu la lita tano linaning'inia kwenye mti, lina tundu, lina kamba, chini kuna kijiti. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika mikononi. Hagusi kitu. Nani atamfukuza mtu mwenye kibuyu chirizi?

Nikaenda dukani kwa Bwana Taher kununua dumu na sabuni. Bwana Taher ananifahamu tangu enzi za nusu gunia. Akaishika ile sabuni muda mrefu kabla ya kunipa. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Bwana Ezron, leo unanunua sabuni. Nani amefariki?"

Nikakifunga hatua chache tu kutoka langoni, nje ya mpaka wa shule. Mapumziko yalipofika, hata sikuamini. Foleni! Watoto wanakanyaga, wananawa, wanarudi nyuma ya foleni kukanyaga tena. Bartholomeo amesimama na koleo lake, bisi zinapoa. Nikaanza kuhesabu. Nilifika themanini, nikaona kivuli kifupi kando yangu.

Mwalimu Blandina. Alitazama kijiti, akatazama kamba, akakanyaga mwenyewe. Akasema mbele ya watoto wote kwamba kimefungwa vizuri kuliko vile vya shuleni, na kwamba fundi wake ana akili. Nikaona lango linafunguka.

Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, maji nimeyatoa wapi.

Swali zuri. Fupi. Nilikuwa nalitafutia jibu la maana, lakini sauti nyembamba kutoka kwenye foleni ilinitangulia: "Mferejini, mwalimu! Pale pale baba anapokanyagia karoti!"

Ni mwanangu. Nimemlea kwa mikono hii.

Mwalimu hakucheka. Akalimwaga dumu taratibu, akawarudisha watoto bombani kunawa upya, wote themanini, kwa sabuni yangu. Akanirudishia sabuni nusu.

Jumatano, 6 Novemba

Leo nimeamua kuthibitisha kwamba mfereji ni safi. Maji yake yanatembea. Maji yanayotembea hayana uchafu, hilo kila mtu anajua. Nikapanda nao kuelekea juu ili nikamwambie Blandina nimeona kwa macho yangu.

Niliyoyaona:

Mama mmoja anafua nepi. Akanisalimia kwa heshima. Juu kidogo, banda la nguruwe, mlango wazi, nguruwe wawili wameoga mferejini. Wao pia walionekana kunifahamu. Juu zaidi, mtoto wa miaka minne hivi amechutama ukingoni, hana haraka. "Shikamoo Baba Tusa!" Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

Bado nilikuwa na matumaini. Nikasema, juu ya hapo patakuwa pasafi. Nikakata kona. Nikaona ukuta wa matofali ya kuchoma. Nikaona choo, na kutoka chooni kajifereji kembamba, kamenyooka, kamechimbwa kwa ufundi mkubwa, kanateremka mpaka kwenye mfereji mkuu.

Choo changu. Kajifereji kangu. Nilikachimba mwenyewe masika ya mwaka juzi shimo lilipofurika. Nikajisifu kwamba nimekwepa gharama ya kuchimba shimo jipya.

Anyitike akatoka, akaniuliza kulikoni. Nikamweleza. Akanitazama mimi, akatazama kajifereji, akatazama kule chini ninakooshea karoti. Akasema, "Kwa hiyo sisi tunakwenda chooni, halafu unaturudishia jioni kwenye beseni."

Ana ulimi yule mwanamke. Nikamwambia aangalie upande wa pili: angalau tunajua ni uchafu wa nani. Si wa mgeni.

Hakuniandalia chai.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeshikwa na hofu.

Asubuhi Tusajigwe alilia kutoka chooni. Mama yake alikimbia, nami nyuma. Ulikuwa mnyoo. Mmoja, mweupe wa kupauka, mrefu kama kamba ya kiatu. Ulikuwa bado unajisogeza.

Anyitike alimkumbatia mtoto. Mimi nikakaa chini, palepale kwenye majani yenye umande. Nilimwangalia binti yangu kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu mwezi wa nane. Macho yamefifia. Viganja vyeupe. Mikono kama vijiti vya kibuyu chirizi. Nilisema ni ukuaji.

Anyitike hakunisema. Ningependa angenisema.

Kesho ni siku ya dawa za minyoo shuleni. Mwalimu Blandina ametuma ujumbe kwa kila mzazi: mtoto aje amevaa viatu, atakula kande kwanza, halafu kidonge. Atakitafuna mbele ya mwalimu. Asiogope tumbo likisokota kidogo, ni minyoo inaaga. Anyitike amefurahi, anasema Mungu amejibu kabla hajaombwa.

Ila nimekaa na hesabu zangu. Ikijulikana kwamba mtoto wa muuza karoti ana minyoo, nimekwisha. Si lango tu. Iyunga nzima. Watamwita nani huyo mtoto? Watamwimbia nini? Mimi niitwe supu, nimezoea, lakini yeye ana miaka tisa.

Mpango: kesho haendi shule. Anyitike anawahi shambani, hatajua. Nitakwenda mtaa wa Soweto, kwenye duka la dawa ambako hawanijui, ninunue kidonge hichohicho, nimpe nyumbani kimyakimya. Dawa ileile, aibu hakuna. Sijui kwa nini watu wengine hawafikirii namna hii.

Nimeficha viatu vyake vya shule juu ya dari.

Ijumaa, 8 Novemba

Lo!

Niandike kwa mpangilio. Asubuhi nilimwambia Tusajigwe kwamba viatu vimepotea, kwa hiyo apumzike. Nikapanda bajaji kwenda Soweto.

Duka la dawa: kijana mstaarabu, koti jeupe. Nikamwambia nataka dawa ya minyoo kwa mtoto wa jirani. Akaniuliza mtoto wa jirani ana umri gani, anasoma wapi, maana kama shuleni kwao wanagawa wiki hii, asije akapewa mara mbili. Nikasema hasomi. Akaniuliza kwa nini mtoto wa miaka tisa hasomi. Nikasema jirani yangu ni mtu mgumu. Akasikitika. Akaniambia hata huyo jirani mgumu na mkewe nao watumie, maana nyumba yenye mnyoo mmoja mara nyingi inayo mingine, na bila choo kizuri na mikono misafi minyoo itarudi tu. Nilitoka pale nikimchukia jirani yangu.

Narudi nyumbani, hakuna mtoto. Viatu viko juu ya dari. Mabuti ya zamani ya shambani ya mama yake hayapo.

Nikakimbia. Nimefika langoni sina pumzi, Bartholomeo akanipisha mwenyewe bila utani. Uwanjani nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona. Mistari! Darasa kwa darasa, imenyooka kama matuta ya karoti ya kule mashamba ya Kawetere. Masufuria ya kande yanatoa mvuke. Wahudumu wawili wa zahanati wenye vidonge. Na Mwalimu Blandina katikati, hana kipaza sauti, hana fimbo. Anaita jina, mtoto anakuja. Umekula? Nimekula. Tafuna. Maji. Fungua mdomo. Inua ulimi. Nenda. Nimeona wanajeshi kwenye gwaride, hawamfikii. Angekuwa sokoni angetufilisi sote kufikia Pasaka.

Na juu ya benchi, mbele ya shule nzima, binti yangu. Mabuti yamemfika mapajani.

"Mimi ninayo!" anasema. "Niliuona jana! Mrefu kuanzia hapa mpaka hapa!" Ameunyoosha mkono mmoja, mwingine umeshika kiwiko. Aliongeza kidogo. Ni mtoto wa mfanyabiashara.

Nikafumba macho nisubiri kicheko.

Hakikuja. Ilikuja sauti ya watoto mia sita: "Eeeeeh!" Ya wivu! Mvulana wa darasa la nne akapaza sauti kwamba yeye mwaka jana aliona miwili. Msichana mwingine akasema wa kaka yake ulitoka puani. Wakaanza kushindana. Mwalimu Blandina akawaacha kidogo, kisha akanyoosha kidole, wakanyamaza. Akasema Tusajigwe amefanya jambo la kijasiri, amesema. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyo:

"Aibu si kuwa nayo. Aibu ni kuifuga."

Wakampigia makofi. Tusajigwe akashuka, mabuti yanapiga kelele, akatafuna kidonge chake kwa kiburi cha bibi harusi. Alipoulizwa kuhusu viatu, alijibu kwamba mwalimu alisema tusikanyage udongo peku kwa sababu ya minyoo ya safura, hakusema viatu vya nani.

Nikapangusa macho. Ni vumbi la uwanjani.

Ndipo akaniona. "Baba! Viatu vyangu umevikuta?"

Shule nzima ikageuka. Mimi nimesimama na kidonge changu cha Soweto kwenye kiganja. Mwalimu Blandina akaja, akakitazama, akanitazama. Nilijua amejua kila kitu, mpaka dari. Angeweza kunimaliza palepale. Akauliza tu kama nimekula. Nikasema bado. Akaniletea kande. Nikala nimesimama, watoto wananihesabia matonge.

"Sasa tafuna, Baba Tusa. Kingine utamnunulia mama yake."

Nikatafuna.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

Nikainua. Makofi. Bartholomeo kule langoni alicheka mpaka bisi zake zikaungua. Mungu yupo.

Jumapili, 10 Novemba

Tusajigwe ameamka anadai ugali. Asubuhi! Baada ya ibada akadai tena, na ndizi. Tumbo lilimsokota juzi jioni, limetulia. Anyitike anaimba jikoni. Chai nimepewa, na sukari imo.

Mchana Mwalimu Blandina akaja kutuamkia. Mtu anayefanya kazi Jumapili bila kulipwa! Alizunguka nyuma na Anyitike, wakakiona kajifereji. Nilijitayarisha kwa hotuba. Hakutoa. Aliniambia kwamba mtu aliyekachimba ana kipimo kizuri cha mteremko, na kwamba mtu huyohuyo anaweza kuchimba shimo jipya vizuri kuliko fundi yeyote wa Iyunga.

Ana mbinu huyu! Nilikuwa na jembe mkononi kabla hajamaliza sentensi. Kufikia jioni kajifereji nimekaziba kwa mawe na udongo, nikashindilia. Shimo jipya limefika kifuani. Bwana Taher alipita, akasimama, akaniambia hajawahi kuona mtu akichimba kwa hasira nzuri namna ile.

Kuhusu lango, Mwalimu alinipa masharti. Karoti nioshe kwa maji ya bomba. Nizimenye. Niziweke kwenye chombo chenye kifuniko. Kila asubuhi nijipime mwenyewe: karoti moja, mswaki, glasi, nisubiri. Glasi ikibaki safi, nimwandikie, nirudi mahali pangu. Bartholomeo atasogea kulia, ameshamwambia. Kisha akafungua mkoba akanipa ile glasi. Yenyewe! Ile ya supu.

"Ndaga fijo, mwalimu," Anyitike akamshukuru kwa niaba yangu, maana mimi nilikuwa naikagua glasi.

Nimeiweka glasi juu ya kabati, karibu na picha ya harusi. Huyu mwalimu wampe mkoa. Nimejifunza mengi wiki hii.

Jumatatu, 11 Novemba

Alfajiri nilikwenda bombani. Foleni ya ndoo thelathini na moja. Nikapiga hesabu: kila ndoo dakika nane, nitafikiwa kengele ya saa nne ikishalia. Biashara gani hiyo?

Nikafikiri kwa utulivu. Mfereji wetu mbovu, nimekubali. Lakini ng'ambo ya barabara kuu kuna mfereji mwingine. Choo changu hakiufikii kabisa. Nguruwe sikuona. Wanaoishi juu yake wana magari, watu wasafi. Nikaingia na gunia langu, nikakanyaga. Zimeng'aa kupita zote nilizowahi kukanyaga!

Sikudanganya mtihani. Nilijipima kama nilivyoagizwa. Karoti moja, mswaki, glasi, nikasubiri. Tope likatulia.

Nikashangaa. Nikaikagua glasi. Ni ya zamani ile, imetumika darasani, huenda ina kasoro. Nikarudia kipimo kwa kikombe cha bati cha Anyitike, kile cha bluu iliyokolea, ndani na nje. Nikasubiri muda uleule. Nikachungulia.

Hakuna tope hata chembe!

Basi nimemwandikia Mwalimu Blandina, kwa heshima zote, na salamu kutoka kwa mama Tusa. Nimemweleza kwamba kipimo nimefanya, matokeo ni safi, kikombe kipo akitaka kukiona. Sitaki maelezo marefu wala maswali ya maji. Swali ni moja tu: lango langu narudishiwa au sirudishiwi? Ndiyo au hapana. Jibu nilipate kesho, kabla ya kengele ya saa nne. Na alete yeye mwenyewe, asimtume Tusajigwe.